Siku Niliyomwamkia Mtani Wangu

Kwa miaka kadhaa asubuhi zangu zilianza kwa kutukanwa, na tangu zile sijapata asubuhi nyingine nzuri. Nilikuwa nikifika kazini pale Kiomboi naegemeza baiskeli ukutani, na kabla sijafungua kufuli nasikia sauti kutoka ng'ambo ya ukuta wa mbao: "Mnyiramba, kumbe umeamka? Nilishaazima jembe nije nikuzike." Namjibu kwamba harufu ya michembe yake ndiyo iliyoniamsha, nimeisikia tangu kona ya barabara. Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vikaanikwa juani, chakula cha kwao, na ukimtajia Msukuma michembe mbele za watu umemmaliza. Mimi alinimaliza kwa mlenda, mboga yetu ya kuteleza. Akiishiwa la kusema anasema mlenda, basi, nami nacheka mpaka nakosa tundu la kufuli.

Alikuwa Msukuma wa upande wa Igunga, mkubwa kwangu kwa umri, angeweza kuwa kaka yangu wa kwanza kwa mama. Vijana wa siku hizi wakisikia utani wanadhani ni vichekesho vya redioni. Utani wetu sisi ni udugu. Mnyiramba na Msukuma wakikutana hata safarini, wasiofahamiana kabisa, mmoja anaweza kumwambia mwenzake maneno ambayo akiyasema mtu mwingine kesi inafika kwa mtendaji wa kata. Na sharti lake ni moja tu, kwamba hukasiriki. Mtani akikuita mwizi, wewe ni mwizi, unamwuliza kama hajaona mbuzi wake wamepungua.

Kazi yetu ilikuwa kuwaambia watu majibu ya damu. Kwenye mkataba iliitwa ushauri nasaha, na tulipewa mafunzo, na vyeti vyenye muhuri. Ila kazi yenyewe ilikuwa hiyo. Mtu anakuja amevaa nguo yake ya kanisani, anakaa mbele yako, unamwambia. Zilikuwa zama za ruksa, biashara huria imefunguliwa. Ushirika ulikuwa umekufa, na lile duka la ushirika tulilokuwa tukipanga foleni ya sukari utotoni lilipangishwa kwa mradi wa wafadhili, likagawanywa kwa mbao, upande wake na upande wangu. Rafu za zamani zilibaki ukutani, badala ya sabuni zikawekwa vipeperushi. Dawa za kurefusha maisha tulizisikia zikitajwa tu, huko kwa wenye fedha zao. Sisi tulikuwa na maneno, na boksi la karatasi laini za kufutia machozi ambalo likiisha tulingoja wiki nzima kuletewa jingine.

Nyumbani sikuweza kusema lolote. Ni siri za watu, na mji wenyewe mdogo, ukisema "leo kuna mama mmoja" jirani anaanza kuhesabu akina mama waliopita barabarani. Mume wangu alikuwa amepunguzwa kazi kama wengine wengi wa miaka ile, anashinda kibarazani anatengeneza redio za watu, ana ya kwake moyoni. Kwa hiyo yote niliyoyasikia mchana yalibaki na mimi, na mtu pekee aliyeyajua bila kuambiwa alikuwa yule wa ng'ambo ya mbao.

Alinifanyia hivi. Mteja akishatoka kwa mlango wa nyuma, akasikia kimya upande wangu, anagonga ubao kwa kidole na kutupa tusi. Si tusi lolote, alilitafuta. Siku niliyompa majibu binti mmoja aliyekuwa amekuja kupima ili afunge ndoa, mtani aligonga akasema: "Mnyiramba, nasikia babu zako walibadilisha shamba kwa kuku mmoja, tena jogoo kilema." Nikiweza kumjibu jibu baya zaidi, alijua nimesimama, naweza kumwita mtu anayefuata. Nikijibu kivivu, anatupa jingine. Na kama sikujibu kabisa alitoka kwake, akawaambia waliokaa kwenye benchi wasubiri kidogo, akaniletea chai kwenye kikombe cha bati na kukaa nami bila kusema neno mpaka niimalize. Hakuna mafunzo yaliyotufundisha hivyo. Nami nilimfanyia vilevile, ingawa yeye alikuwa hodari zaidi wa kutukana.

Walioketi kwenye benchi nje walisikia. Mbao zile hazikuzuia kitu isipokuwa tukinong'ona, na majibu tuliyatoa kwa kunong'ona, ila utani ulikuwa wa sauti ya juu. Wakati mwingine waliingilia. Bibi mmoja wa Misigiri aliyekuwa akisubiri zamu aliwahi kusema kutoka nje, "Na ukimzika huyo Mnyiramba uniite, maji ya kumwogeshea nitachota mimi." Benchi zima likacheka. Nilimwona bibi huyo akiingia kwangu baadaye bado anatabasamu. Sijui kama nilimpa chochote siku ile kilichozidi kicheko alichojipa mwenyewe pale nje.

Lililotuharibia lilikuja na gari jeupe la wafadhili. Msimamizi wetu wa mradi alikuwa mtu wa mkoa mwingine, msomi, mwenye mashati ya mikono mirefu, na siku hiyo alimleta mgeni kutoka Ulaya kuona kazi. Hatukuambiwa. Nilikuwa nimetoka kuongea na baba mmoja aliyenisikiliza hadi mwisho, akaniuliza tu kama anaweza bado kupanda alizeti mwaka huo. Baada ya yeye kutoka sikuweza kuinuka kitini. Mtani akagonga ubao: "Mnyiramba, usife leo, leo nina kazi nyingi. Kesho asubuhi nakuzika mwenyewe, na kaburi nalichimba fupi kwa sababu miguu yako nitaikata." Nilicheka, machozi yakinitoka, nikamjibu kwamba kaburi achimbe mawili, maana na yeye hakosi kufa kwa michembe.

Nilipofungua mlango nilimkuta msimamizi amesimama na yule mgeni. Mgeni alikuwa ameuliza tunasema nini. Na msimamizi, ambaye kwao pia kuna watani, ambaye bila shaka bibi yake alizikwa na watani wakirukaruka kaburini kama ilivyo desturi, alimtafsiria neno kwa neno. Kesho nakuzika, miguu nitaikata. Hakutafsiri kitu kingine. Yule mzungu alikuwa mwekundu mpaka shingoni, ananiangalia mimi na machozi yangu, anaangalia ule ubao. Pengine msimamizi aliona haya kueleza utani mbele ya mgeni, asionekane wa kijijini. Mpaka leo nikimkumbuka nasikia hasira kifuani, na sitaki iniishe.

Tuliitwa kikao. Tukaambiwa wateja wanastahili mazingira ya utulivu, kwamba lugha ya vitisho haikubaliki, na kwamba mahusiano ya kikabila hayana nafasi katika huduma ya kitaalamu. Mtani wangu aliuliza kwa upole kama kuna mteja aliyelalamika. Hakukuwa na mteja aliyelalamika. Msimamizi akasema suala si hilo. Mwezi haukuisha mtani wangu akapelekwa Shelui, kwenye barabara kuu ya kwenda Nzega, ambako mradi ulikuwa unafungua chumba kwa ajili ya madereva wa malori na dada wa baa. Peke yake. Siku ya kuondoka alifunga godoro nyuma ya basi, akaniambia: "Sasa utakufa kweli, na mimi sitapata nauli ya kuja kukuzika." Nikamwambia Shelui kuna vumbi jingi, michembe yake itakauka vizuri.

Niliendelea na kazi. Ng'ambo ya ubao waliweka makatoni. Miezi ya mwanzo nilikuwa nikimaliza na mtu nangoja kidole kigonge, kisha nakumbuka. Baadaye sikungoja tena. Nilianza kuhesabu mbao za dari wakati watu wanalia. Nilijisikia siku moja nikimwambia mjane, aliyekuwa bado hajainuka kitini, "Haya, mwingine." Nilisema kama kondakta. Yule mama aliinuka haraka akaniomba radhi kwa kunichelewesha. Usiku sikulia, na mchana sikusikitika, nilikuwa nimechoka tu, uchovu ambao Jumapili haikuugusa. Mume wangu alisema nimekuwa mkimya mzuri siku hizi. Alikuwa ananisifu.

Kisha tukaitwa semina Singida mjini, washauri wote wa mradi. Ukumbi wa hoteli, maji ya chupa mezani, na posho. Mada ilikuwa kuchoka kwa watoa huduma. Mkufunzi alitoka Dar es Salaam, mama mchangamfu, akatuandikia kwenye karatasi kubwa kwamba kicheko hupunguza msongo, na kwamba mshauri anahitaji mwenzake wa kumtegemea kazini. Nilisoma sentensi ile nikamtazama msimamizi. Alikuwa akiinakili. Tukaambiwa tusimame, tushikane mikono, tugeukiane, tucheke. Haha, hoho, hihi. Watu wazima, wauguzi wenye wajukuu, tumeshikana mikono kwenye ukumbi tunasema hihi ili tusikose posho. Waliotunyamazisha ndio hao hao waliokuwa wanatulipa tucheke.

Mtani wangu alikuwepo, amekaa safu ya pili. Alikuwa amekonda. Alicheka vizuri kuliko sote, mpaka mkufunzi akamwita mbele awe mfano, akasimama pale anacheka huku ukumbi unampigia makofi. Mimi nilikijua kicheko chake nilichokaa nacho ukuta mmoja. Kile hakikuwa chenyewe.

Wakati wa chai nilimfuata. Nikamwambia amekonda kwa sababu Shelui hawauzi michembe. Akacheka kidogo.

"Habari za huko?" nikamwuliza.

"Wazima."

"Wote?"

"Shelui kwangu wote wazima, Mnyiramba. Nyie huku ndio mnaua watu."

"Msukuma muongo wewe."

"Ndiyo," akasema. "Muongo."

Nikacheka. Ni mara ngapi tulikuwa tumeitana waongo? Nilicheka nikamgonga begani, nikaenda kuchukua sambusa, nikarudi Kiomboi nimefurahi kwamba angalau nimetaniwa.

Ilipita masika. Asubuhi moja akaingia kwangu dada mmoja na mtoto mchanga mgongoni. Mtoto alikuwa na vidonda mdomoni, hanyonyi, na muuguzi ndiye aliyemwelekeza aje apimwe. Dada yule hakuwa na wasiwasi wowote. Aliniambia yeye anaepusha usumbufu tu, kwa sababu alishapima Shelui alipokuwa akifanya kazi baa, akaambiwa hana kitu. Tena si yeye peke yake. Baa nzima walikwenda, wote wakaambiwa wazima, wakanunua soda wakasherehekea. Yule kaka wa Shelui ni mtu mzuri sana, alisema, anakupa moyo. Kwa kuwa alijua ni mzima ndiyo maana alikubali kuzaa.

Nilipeleka damu yake maabara. Majibu yalikuwa yale niliyoyaogopa, na niliyatoa kwa kunong'ona kama tulivyofundishwa. Hakulia. Aliniambia mashine zetu ni mbovu, akabeba mtoto wake akaondoka kwa mlango wa mbele.

Nikamwendea kijana wa maabara tuliyekuwa tukimpelekea damu, za Kiomboi na za Shelui, nikamwuliza bila kutaja mtu yeyote. Je, majibu ya Shelui huwa mazuri kuliko ya hapa? Akanishangaa. Akasema yale yale tu, pengine mabaya zaidi, kule ni barabarani. Kwa hiyo karatasi zilikuwa zinatoka kwake na ukweli, zinafika Shelui, na kati ya karatasi na masikio ya watu alikuwepo mtani wangu.

Nilipanda basi kesho yake. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilimpenda mtu yule, niseme wazi, kwa namna ambayo haikuwa na aibu na ambayo mume wangu aliijua. Ndiye aliyenishika nisianguke kwa miaka. Nilijua nikienda moja kwa moja kwa msimamizi nimempoteza, na nikinyamaza kuna mama mwingine anafunga mtoto mgongoni. Niliona bora nimwambie mwenyewe, na nilidhani nina njia ya kumwambia, kwa sababu mtani ndiye mtu anayeweza kukuambia lolote.

Chumba chake kilikuwa ubavuni mwa nyumba ya wageni. Malori yalikuwa yamesimama kwenye vumbi, matandiboi, wasaidizi wa madereva, wanapika ugali chini ya tela, na muziki wa baa ulikuwa umeanza ingawa jua lilikuwa bado kali. Nilimkuta amekaa mlangoni, hana mteja. Aliponiona akainuka na uso wote ukamfunguka.

"Mnyiramba, wamekufukuza? Au umefuata mume huku kwa madereva?"

"Muuaji mkubwa wewe," nikamwambia.

Akapiga makofi kwa furaha. "Umeanza lini kunisifia? Karibu, kaa. Muuaji hana hata kiti kizuri."

"Nasema wewe ni muuaji. Unawadanganya watu majibu."

"Nawadanganya, nawaua, halafu nawala. Wanyiramba siwali, mna mlenda mwingi." Alikuwa anacheka, ila macho hayakuwa yanacheka, nikaelewa kwamba amenisikia vizuri sana. Alikuwa amejificha. Nilimwambia dada wa baa amekuja kwangu na mtoto. Akasema huyo dada ni shangazi yangu, Wanyiramba wote ni wa baba mmoja. Nilimtukana kwa matusi yangu yote na kila nililotupa alilidaka akanirudishia. Miaka yote tulikuwa tumeyatumia maneno mabaya kwa mapenzi, mpaka siku niliyoyahitaji kwa kazi yao hasa, hayakuwa na makali tena.

Basi nikasimama. Nilivuta khanga mabegani, nikafunika kichwa, nikapiga goti kidogo kama mtu anavyofanya kwa mkubwa wake, nikasema:

"Shikamoo, kaka."

Sikuwa nimewahi kumwamkia; mtani haamkiwi kwa heshima, anatukanwa. Tangu siku ya kwanza tuliyokutana, sikuwahi, ingawa kwa umri alistahili, na mtu mwingine yeyote wa umri wake nisingepita bila kumpa heshima hiyo. Mkono aliokuwa ameuinua kunitania aliushusha taratibu.

"Usiniamkie hivyo," akasema.

"Shikamoo."

Hakuitikia. Alikaa chini, akaangalia malori, akaanza kusema kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake, sauti ya mtu anayeongea na mgeni.

Alisema wa kwanza alikuwa binti mdogo, anafua mashuka ya nyumba ya wageni. Siku hiyo alikuwa ameshawaambia wengine kabla yake, na baada ya kila mmoja alikaa akitazama ukuta, hakuna wa kumgongea. Karatasi ya yule binti ilikuwa mkononi. Alifungua mdomo aseme kama siku zote, na mdomo ukasema, "Huna kitu." Yeye mwenyewe alishtuka. Alitaka kurekebisha.

"Akacheka," aliniambia. "Unaelewa? Alicheka, pale pale kwenye kiti. Tangu nije Shelui nilikuwa sijasikia mtu anacheka ndani ya chumba kile. Nikamwacha aende. Nikasema kesho nitamwita. Kesho akaja mwingine, na huyo naye nikataka nimsikie."

Nilikuwa nimekuja na hasira na nikakosa mahali pa kuiweka, kwa sababu nilikielewa alichokifanya. Nilikuwa nimekielewa tangu siku niliyosema "haya, mwingine". Yeye alichoka akawa muongo, mimi nilichoka nikawa jiwe, na kwa yule dada mwenye mtoto wa mgongoni sijui kama kuna tofauti. Ila nilimwambia kwamba lazima waambiwe. Akasema, "Ndiyo, dada." Dada. Hakuwahi kuniita dada.

Alikwenda mwenyewe. Hakutaka nimsindikize. Nilikaa mlangoni pake, nikamwona akivuka barabara kwenda baa ile, muziki ukazimwa, na kwa muda kukawa kimya isipokuwa injini za malori. Kisha nikasikia sauti za wanawake. Alirudi shati limelowa bia, na damu kidogo kwenye nyusi. Akasema waliokuwepo wameambiwa. Wengi hawakuwepo. Walikuwa wameondoka na malori, Kahama, Ngara, na ng'ambo ya mpaka, na kila mmoja alikuwa ameondoka akijua ni mzima. Yule binti wa mashuka alikuwa ameolewa Nzega.

Kesho yake alipanda basi akaenda kwa msimamizi akajisema. Nilidhani dunia itasimama. Msimamizi alimsikiliza, akafunga mlango, akamwomba asimwambie mtu mwingine, hasa wafadhili. Chumba cha Shelui kilifungwa kwa maelezo kwamba bajeti imebadilika, na mtani wangu akapunguzwa kazi kwa maelezo hayo hayo, akarudi Igunga kwa ng'ombe wa baba yake. Hakuna aliyetumwa kuwatafuta waliokwenda Kahama. Hakuna aliyeuliza kilichompata mtu hodari namna ile mpaka akafika pale. Mwaka uliofuata tukaitwa tena semina.

Kwangu wakaleta binti wa chuo akae ng'ambo ya ubao. Ana adabu sana. Kila asubuhi aliniamkia shikamoo, na nikimaliza na mtu mgumu alikohoa kidogo, akaendelea na yake. Sikumlaumu, hakuna aliyemfundisha. Nilikaa na kazi ile mpaka dawa zilipokuja, na hata zilipokuja, na watu wakaanza kupata nafuu mbele ya macho yangu, sikufurahi kama nilivyostahili kufurahi. Kitu cha kufurahia ndani yangu kilikuwa kimeshakauka.

Mama yangu alifariki siku chache baada ya mavuno, kijijini, upande wa Misigiri. Kwetu watani hawaalikwi msibani. Wanasikia, wanakuja, na wakifika msiba unapumua. Mtani atamwigiza marehemu anavyotembea, atanyang'anya jembe, atalala kaburini akatae kutoka mpaka apewe kuku, na wafiwa, ambao wamelia hadi sauti zimekwisha, watajikuta wanacheka kwa mikono mdomoni. Mama alipenda sana mambo hayo. Alikuwa ameshasema yeye asizikwe kimya.

Mtani wangu alitokea asubuhi ya mazishi. Alikuwa amesafiri usiku kucha, viatu vimejaa vumbi. Shangazi zangu walipoambiwa ni Msukuma wakaanza kuchangamka. Mmoja akaficha sufuria ya kuku makusudi, ili mtani apate cha kunyang'anya. Yeye akapita katikati yao ameshika kofia mkononi, akawapa wote mikono, akaja mpaka nilipokaa. Alichuchumaa mbele yangu.

"Pole sana, dada. Mungu amlaze mama mahali pema."

"Asante," nikasema. Nilingoja. Hakuongeza.

Alikwenda kukaa na wanaume wengine kwenye turubai, akatoa rambirambi yake, na mchungaji alipoomba aliinamisha kichwa. Kaburini alishika jembe zamu yake ilipofika, akachimba vizuri, akalikabidhi kwa aliyefuata. Shangazi zangu walikuwa wanamtazama yeye, kisha wananitazama mimi. Mama alishushwa, akafukiwa, na hakuna aliyeruka.

Wakati wa chakula nilipakua sahani mwenyewe. Niliweka ugali, paja la kuku, na pembeni nikajaza mlenda, mwingi, mpaka ukawa unamwagika. Niliibeba mpaka kwenye turubai mbele ya wanaume wote, nikasimama mbele yake, nikasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu:

"Msukuma mlafi wewe. Umetembea kutoka Igunga kwa ajili ya kuku wa marehemu. Kula, ufe, tukuzike hapo hapo."

Wanaume wakacheka. Wote wakamgeukia yeye wasikie jibu. Aliinuka kwanza, kwa heshima, kama mtu anavyoinuka akisemeshwa na mfiwa.

"Nashukuru, dada," akasema. "Nimeshiba."

Hakuwa amekula kitu tangu afike. Nilibaki nimesimama pale, sahani iko mikononi, na wale wanaume wakaacha kucheka mmoja mmoja.